Mwepu Ilunga, Beki wa Lubumbashi Aliyechekwa na Dunia

Vijana wengi wa Ruashi wanamfahamu Mwepu Ilunga bila kulijua jina lake. Wamemwona kwenye simu. Wabrazili wamepewa mpira wa adhabu mbele ya lango la Zaire. Mpira umetulia chini, na Rivelino yuko karibu nao. Wazaire wamejipanga ukuta. Refa anapuliza kipenga. Mara mtu mmoja mwenye nambari 2 mgongoni anachomoka ukutani, anakuja mbio, anaupiga mpira ule mbali kabisa, kana kwamba adhabu imepewa timu yake. Wabrazili wanaduwaa. Refa anamwonyesha kadi ya manjano. Hapo picha inakwisha, na mtazamaji anacheka.

Picha hiyo ilipigwa tarehe 22 Juni 1974 mjini Gelsenkirchen, katika nchi iliyoitwa wakati ule Ujerumani ya Magharibi. Tangu siku hiyo imeizunguka dunia. Kila yanapokaribia mashindano ya Kombe la Dunia huonyeshwa tena, pamoja na vichekesho vingine vya mpira. Mtangazaji mmoja wa televisheni ya Uingereza aliwaambia watu wake papo hapo kwamba walichokiona ni ujinga wa Kiafrika, na maelezo hayo yakashika. Watu waliokuwa bado hawajazaliwa mwaka 1974 wanasadiki mpaka leo kwamba Waafrika wale walipelekwa kwenye Kombe la Dunia bila kuzijua sheria za mchezo.

Twataka leo kuwaeleza wasomaji wetu mtu yule alikuwa nani. Alikuwa mchezaji wa mji wetu wa Lubumbashi. Tena ameshafariki, na marehemu hana mdomo wa kujitetea. Katekisimu yatufundisha kwamba kumharibia mtu jina lake ni kumnyang'anya mali, na mali ya namna hiyo ni vigumu kuirudisha.

KAZI ISIYOHESABIWA

Joseph Mwepu Ilunga alizaliwa mwaka 1949. Alikuwa beki wa kulia, na klabu yake ilikuwa Mazembe.

Kazi ya beki twaijua sote, ingawa wachache huisifu. Mshambuliaji akikosa mara 9 na kufunga mara 1, watu humbeba mabegani. Beki akizuia mara 9 na kushindwa mara 1, watu hulikumbuka lile kosa moja hata kwenye arusi ya mwanawe. Magoli huandikwa gazetini na jina la mfungaji. Mpira uliozuiwa hauandikwi popote. Kwa hiyo mtu achaguaye kuwa beki, au zaidi achaguliwaye na mwalimu wake kwa sababu ana miguu migumu na hana papara, hana budi kukubali tangu mwanzo kwamba siku zake njema zitasahauliwa.

Lakini Lubumbashi ya miaka ile iliwaheshimu mabeki kuliko miji mingine. Mwaka 1973 tuzo ya mchezaji bora wa Afrika alipewa Bwanga Tshimen, naye alikuwa beki wa Mazembe. Mwanza Mukombo, beki wa kushoto, alikuwa wa Mazembe pia. Kipa Kazadi Mwamba, vilevile. Katika watu watano walioulinda mlango wa Zaire siku ya Wabrazili, wanne walitoka katika klabu moja ya mji wetu. Ni Lobilo Boba tu aliyetoka Vita Club ya Kinshasa. Yaani ukuta ule uliochekwa na dunia ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ukuta wa Lubumbashi.

Na klabu yenyewe ilizaliwa mikononi mwa Kanisa. Mwaka 1939 watawa wa Mtakatifu Benedikto, waliokuwa na shule yao ya Mtakatifu Bonifasi mjini Élisabethville, waliwaundia vijana timu ya mpira wakaiita Saint-Georges, kwa jina la msimamizi wa maskauti. Baadaye ikaitwa Saint-Paul, kisha ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi. (Twasikitika kidogo kwamba Mtume Paulo aliondoka, tairi likaingia; wenzetu wa Lupopo, watu wa reli, wamemshika Mtakatifu Eligio wao, msimamizi wa wafua vyuma, mpaka leo.) Mwaka 1967 na mwaka 1968 Englebert walikuwa mabingwa wa Afrika. Mwaka 1969 na 1970 walifika tena kwenye fainali wakashindwa. Fainali 4 mfululizo! Kijana aliyekulia katika mpira wa mji huu wakati huo hakuhitaji kufundishwa na Mzungu wa televisheni ni nani apigaye mpira wa adhabu.

JOSEPH ANAKUWA MWEPU

Kwenye orodha za Kombe la Dunia hutaliona jina la Joseph. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliigeuza Kongo ikaitwa Zaire, na mwaka uliofuata raia wote wakaamriwa kuyaacha majina yao ya Kikristo. Mapadri walitishiwa kifungo wakimbatiza mtoto kwa jina la kigeni. Mwadhama Kardinali Malula alipopinga mambo hayo, alipokonywa nyumba yake ikambidi aende Roma kwa muda, na magazeti ya Kikatoliki yakafungwa midomo. Wazee wetu wakumbuka jinsi mama alivyomwita mwanawe Yosefu ndani ya nyumba, na nje akamwita kwa jina jingine.

Hatusemi kwamba majina ya mababu ni mabaya. Mwepu ni jina zuri, na Ilunga ni jina la wafalme wa Waluba. Twasema tu kwamba serikali iliyoweza kuingia ndani ya jina la mtu haikushindwa kuingia ndani ya chumba cha kubadilishia nguo cha wachezaji, kama tutakavyoona.

Timu ya taifa ilikuwa imepewa jina la Chui, na mwalimu wake alikuwa Blagoje Vidinić, mtu wa Yugoslavia aliyekuwa kipa zamani. Mwezi wa Desemba 1973 waliwafunga Wamoroko mabao 3 kwa 0 mjini Kinshasa, wakapata nafasi moja tu iliyotengewa Afrika nzima. Kabla yao ni Misri mwaka 1934 na Moroko mwaka 1970 waliokwenda kutoka bara letu. Zaire ilikuwa ya kwanza kutoka kusini ya Sahara. Mobutu alifurahi mno, akawapa wachezaji nyumba na motokaa.

Mwezi wa Machi 1974 wakaenda Misri kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Fainali ilichezwa mara mbili, maana mara ya kwanza, Zaire na Zambia zilitoka sare 2 kwa 2. Siku mbili baadaye, tarehe 14 Machi, Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote 4 ya Zaire katika michezo hiyo miwili yalifungwa na Ndaye Mulamba, ambaye katika mashindano yale alifunga jumla ya mabao 9. Watu wakamsifu Ndaye, na alistahili. Lakini katika mchezo wa marudio mlango wa Zaire haukuguswa, na habari hiyo haikupigiwa ngoma na mtu.

Basi, wasomaji wapenzi, huyo ndiye mtu aliyedhaniwa kwamba hakuzijua sheria: bingwa wa Afrika, mwenye umri wa miaka 24, aliyetoka kulitwaa kombe miezi mitatu kabla.

SIKU NANE ZA UJERUMANI

Tarehe 14 Juni 1974, mjini Dortmund, Zaire ilicheza na Uskoti ikafungwa 2 kwa 0. Haikuwa aibu. Waskoti walikuwa na wachezaji wa klabu kubwa za Uingereza, na wengi waliokuwapo walikiri kwamba Waafrika walicheza vizuri.

Kisha mambo yakaharibika, wala si uwanjani. Kama Mwepu mwenyewe alivyosimulia miaka mingi baadaye, kabla ya mchezo wa pili wachezaji walipata habari kwamba fedha walizoahidiwa hawatazipata. Zilikuwa zimeishia mikononi mwa wakubwa waliofuatana na timu. Wachezaji wakasema hawachezi. Wakabembelezwa, wakalazimishwa, wakaingia uwanjani na mioyo iliyokwisha kufa.

Tarehe 18 Juni walipambana na Yugoslavia, nchi ya mwalimu wao. Katika dakika 20 za kwanza walikwisha fungwa mabao 3. Hapo kipa Kazadi akatolewa, akaingizwa Tubilandu, ambaye bado hajatulia langoni alipofungwa bao la nne. Wachezaji wakamzunguka refa, Mkolombia aitwaye Omar Delgado, wakilalamika. Katika vurugu ile mtu mmoja akampiga refa teke kwa nyuma. Refa alipogeuka alimtoa nje Ndaye Mulamba, nambari 13. Ndaye alitoka akilia, akisema si yeye.

Na kweli hakuwa yeye. Alikuwa Mwepu, na Mwepu mwenyewe alikiri baadaye.

Hapa hatuwezi kumsafisha mtu wetu. Kumpiga refa ni kosa, na kosa linakuwa zito zaidi adhabu yake inapomwangukia asiye na hatia. Labda Mwepu alijaribu kusema, labda makelele yalikuwa mengi. Lakini Ndaye ndiye aliyeondoka, na timu ikabaki na watu 10 bila mfungaji wake. Twaona pia jambo jingine la kusikitisha. Watu hawa wawili hawakufanana, wala nambari zao hazikufanana, 2 na 13. Ni vigumu kutofikiri kwamba kwa refa yule, siku ile, mtu mweusi alikuwa mtu mweusi tu.

Mchezo ulikwisha 9 kwa 0. Mabao 6 yaliingia kabla ya mapumziko.

Kisha, Mwepu asema, wakaja walinzi wa Rais. Waliwafukuza waandishi wa habari hotelini, wakafunga milango, wakawaambia wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil mabao 4 au zaidi, hakuna hata mmoja atakayerudi nyumbani. Tufikirie kidogo. Hawakuambiwa washinde, maana hata walinzi walijua haiwezekani. Waliambiwa wafungwe 3, wasizidi. Katika historia yote ya mpira sijui kama mabeki wamewahi kupewa kazi iliyohesabiwa namna hiyo. Na mabeki wenyewe ndio hao wa Lubumbashi: Mwepu, Bwanga, Mukombo, na kipa Kazadi aliyerudishwa langoni.

MABAO MATATU

Upande wa pili, Brazil nao walikuwa na hesabu yao. Walikuwa mabingwa wa dunia wa mwaka 1970, lakini walikuwa wametoka 0 kwa 0 na Yugoslavia, na 0 kwa 0 na Uskoti. Siku hiyohiyo ya tarehe 22 Juni, mjini Frankfurt, Uskoti na Yugoslavia walikuwa wakicheza. Ikiwa hao wangetoka sare, Brazil ingehitaji kuifunga Zaire mabao 3 ili kuwapita Waskoti. Mawili yasingetosha.

Jairzinho alifunga la kwanza mapema, dakika ya 12. Kisha mlango ukafungwa. Dakika zikaenda, mapumziko yakafika, kipindi cha pili kikaanza, na bado ni 1 kwa 0. Ni zaidi ya dakika 50 mabingwa wa dunia walihangaika mbele ya ukuta ule. Hakuna anayezionyesha dakika hizo 50 kwenye simu. Dakika ya 66 Rivelino akafunga la pili kwa shuti kali. Dakika ya 79 Valdomiro akapiga mpira usio na nguvu sana kutoka pembeni, nao ukampita Kazadi karibu na mwamba. Kipa mkubwa kama yule! Wenye ndimi kali walisema mengi juu ya bao hilo. Sisi twasema tu kwamba mikono ya mtu mwenye hofu haishiki kama mikono ya mtu aliyelala vizuri.

Ilikuwa katika sehemu hiyo ya mwisho ya mchezo refa Nicolae Rainea wa Romania alipoipa Brazil mpira wa adhabu, na Mwepu akafanya alilolifanya.

Kwa nini? Yeye mwenyewe alieleza alipoulizwa na waandishi wa habari. Alisema sheria alizijua vizuri sana. Alifanya kusudi. Alitaka refa amtoe kwa kadi nyekundu, kwa sababu hakuona sababu ya kuendelea kucheza na kuumia wakati wale watakaonufaika kwa jasho lake wameketi jukwaani wakitazama. Refa, ambaye hakujua kitu cha mambo ya Kinshasa, akamwonyesha ya manjano tu, na Mwepu akabaki uwanjani.

Wengine wamesema alitaka kupoteza wakati, kuwavunja Wabrazili mwendo, ili bao la nne lisipatikane. Twaona fundo katika maelezo yake mwenyewe: kama hofu ilikuwa bao la nne, kutolewa kwake kungewaacha wenzake 10 na kuwazidishia hatari. Mtu aliyekaa mezani na kalamu mkononi aweza kulionyesha fundo hilo. Lakini mtu aliyesimama uwanjani, amenyimwa mshahara, ametishiwa yeye na wenzake, amechekwa siku nne mfululizo kwa 9 kwa 0, hafikiri kwa mstari mmoja ulionyooka. Hasira na hofu zaweza kukaa katika kifua kimoja na kusukuma mguu mmoja. Kilicho wazi ni hiki: lile teke halikutoka katika kutojua. Lilitoka katika kujua mengi mno, mambo ambayo watazamaji waliocheka hawakuyajua hata kidogo.

Mchezo ukaisha 3 kwa 0. Huko Frankfurt, Uskoti na Yugoslavia wakatoka 1 kwa 1. Kwa hiyo Brazil walipata mabao yao 3 waliyoyahitaji, wakasonga mbele, na Waskoti wakarudi kwao bila kufungwa mchezo hata mmoja. Na mabeki wa Zaire nao walitimiza hesabu yao: 3, yasizidi.

JUU YA MSHAHARA

Hapa Ruashi, mji uliojengwa kando ya mgodi, hatuhitaji kuelezwa mshahara ulionyimwa ni kitu gani. Baba arudi kazini mwisho wa mwezi mikono mitupu, mama atazama chungu, watoto warudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya ada. Baba Mtakatifu Leo XIII aliandika mwaka 1891, katika barua yake ya Rerum Novarum, kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni dhambi inayolilia kisasi mbinguni. Na Mtume Yakobo alikwisha kulisema hilo kabla yake. Sisi twazoea kulifikiria fundisho hilo kwa mtu wa sururu na koleo. Lakini mchezaji wa mpira atumikaye taifa ni mfanyakazi pia. Mwili wake ndio sururu yake, na wavunjika upesi zaidi.

Wapo watakaosema: kucheza kwa ajili ya nchi ni heshima, si biashara. Twakubali kwamba ni heshima. Mwepu mwenyewe alisema mpaka uzee wake kwamba alijivuna kuiwakilisha Zaire na Afrika nzima ya watu weusi. Ila wale waliokuwa wakiwahubiria wachezaji juu ya heshima ndio walioshika mfuko wa fedha. Na tusisahau jambo moja la mwaka uleule. Tarehe 30 Oktoba 1974, miezi minne tu baada ya Gelsenkirchen, mabondia wawili wa Marekani, Muhammad Ali na George Foreman, walipigana mjini Kinshasa, na kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5, fedha ambayo serikali ya Mobutu ndiyo iliyoisimamia. Hatumlaumu bondia kwa kudai haki yake. Twahesabu tu: milioni 10 kwa usiku mmoja kwa wageni wawili, na kwa Chui waliorudi kutoka Ujerumani, hakuna kitu.

Mwepu alisimulia kwamba wachezaji walidhani watarudi matajiri. Walirudi bila senti mfukoni. Kulikuwa na shangwe kubwa walipokwenda. Waliporudi hakuna aliyetaka kuwajua. Alipoulizwa habari zake katika uzee, alisema aishi kama mtu asiye na kitu.

Wazazi wengi hutuuliza kama ni vyema kumwachia mtoto aufuate mpira. Hatuna jibu moja kwa watoto wote. Miguu yenye kipaji ni karama kama sauti nzuri ya kuimba. Lakini mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo na asome habari hizi pamoja naye, na wakati mtoto anaposhangilia bao, baba aulize: ni nani atakayeishika karatasi ya mapatano, na imeandikwa nini juu yake? Swali hilo halikuulizwa mwaka 1974, au waliouliza walinyamazishwa. Na mtoto aendelee na shule. Watawa wale wa Mtakatifu Bonifasi waliwapa vijana mpira na daftari pamoja.

WALIOBAKI

Ndaye Mulamba, aliyebeba kosa la Mwepu, alipata taabu kuliko wote. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kuheshimiwa kwa ajili ya mabao yake 9. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha wakamvamia wakidhani amekuja na fedha, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi huko kama mkimbizi maskini. Mwaka 1998, wakati wa mashindano ya Afrika nchini Burkina Faso, ilitangazwa kwamba amekufa, na watu wakasimama kimya uwanjani kumkumbuka, naye yu hai Cape Town. Alifariki kweli mwaka 2019, mjini Johannesburg.

Sheria ya mpira wa adhabu, kwa wale vijana wanaopenda kujua, ni hii: kipenga kikipulizwa, apigaye ni mtu wa timu iliyokosewa, na adui hukaa mbali, mita 9 na kidogo, mpaka mpira uguswe. Mwepu aliifuata sheria hiyo kwa miaka yake yote ya mpira, akiwa amesimama katika kuta ambazo hakuna awezaye kuzihesabu, katika viwanja vya vumbi vya Katanga, mjini Kinshasa, mjini Cairo. Aliivunja mara moja.

Alifariki Kinshasa tarehe 8 Mei 2015, baada ya kuugua kwa muda mrefu, akiwa na umri wa miaka 65. Magazeti ya nchi za mbali yalitangaza kifo chake, na karibu yote yaliweka juu picha ya teke lile. Machache yalitaja kwamba alikuwa bingwa wa Afrika.

Miezi sita kamili baada ya kifo chake, tarehe 8 Novemba 2015, Mazembe walicheza hapa Lubumbashi mchezo wa mwisho wa kombe la mabingwa wa Afrika na USM Alger ya Algeria, wakalitwaa kwa mara ya tano. Walishinda 2 kwa 0. Bao la kwanza lilifungwa na Mbwana Samatta, kijana wa Tanzania, kwa penalti, na jina lake likaimbwa mjini usiku kucha. Mabeki hawakufungwa bao hata moja.